Mapato ghafi ya CMS si pesa zote anazopata

Barua ya CMS inafika: baba wa mtoto atatoa pauni 29 kwa wiki. Mama anajua fika kwamba mwanamume huyo ana kampuni, anaendesha gari jipya na ana nyumba mbili za kupangisha. Basi neno la kwanza ni "wamekosea hesabu", la pili ni "nakata rufaa". Nimeyasikia haya kwa Waswahili wa Uingereza hadi nimechoka, kwa sababu mara nyingi hesabu haikukosewa hata senti. Kisichoeleweka ni kile kilichohesabiwa.

Kilichohesabiwa ni hiki. CMS (Child Maintenance Service) ndiyo huduma ya serikali inayokokotoa matunzo ya watoto England, Wales na Scotland. Huchukua mapato ghafi ya mzazi asiyekaa na mtoto, yaani kabla ya kodi lakini baada ya kuondoa michango ya pensheni, na kuyageuza kuwa ya wiki. Akiwa kwenye kiwango cha kawaida, mtoto mmoja ni asilimia 12 ya pauni 800 za mwanzo na asilimia 9 ya zinazozidi hapo, hadi pauni 3,000. Watoto wawili ni 16 na 12. Siku ambazo mtoto hulala kwa baba hupunguza, na watoto wengine anaowalea baba hupunguza pia.

Sasa tuje kwenye linaloniudhi. Watu wakisikia "mapato ghafi" wanaelewa kila shilingi inayoingia mfukoni mwa mtu. Sivyo. Takwimu hiyo CMS huivuta kwa HMRC, mamlaka ya kodi, kutoka mwaka wa kodi wa karibuni uliopo kwenye kumbukumbu, na huchukua mapato ya kazi tu: mshahara, faida ya aliyejiajiri, pensheni. Gawio la kampuni (faida wanayogawiwa wenye hisa), pango la nyumba na riba ya akiba havimo humo, hata kama mwenyewe amevitangaza kwa HMRC bila kuficha chochote.

Chukua mkurugenzi wa kampuni yake mwenyewe anayejilipa mshahara wa pauni 12,570 kwa mwaka, pale pale ambapo kodi ya mapato huanza, kisha anajigawia pauni 40,000 kama gawio. Hajavunja sheria, na mhasibu wake atakuambia hivyo hivyo. Kwa CMS ni mtu wa pauni 241 kwa wiki, na matunzo ya mtoto mmoja ni kama pauni 29. Gawio likiingizwa, yanakuwa kama 115. Tofauti hiyo hutaipata kwa kudai kwamba 29 ni kosa. Asilimia 12 ya 241 ni 29, na mtu wa CMS atakujibu hivyo kwa upole wote.

Kwa nini mfumo uko hivi? Shirika la kwanza la matunzo ya watoto, CSA, lilianza 1993 na kanuni ya hesabu ambayo hata wafanyakazi wake iliwatoa jasho. Mwaka 2003 ikaja njia rahisi zaidi, asilimia 15, 20 au 25 ya mapato baada ya kodi, lakini bado ilibidi kukusanya hati za mishahara kutoka kwa watu wasiotaka kuzitoa. Mpango wa 2012, huu wa CMS, ukakata shauri: takwimu itoke HMRC, mzazi asipate nafasi ya kuvuta miguu. Kasi ikapatikana, ila kitu kikaachwa njiani. Mpango wa 2003 ulikuruhusu kusema kwamba maisha ya mtu hayalingani na mapato aliyoyataja. Msingi huo haumo katika mpango wa 2012. Kwa hiyo picha za Dubai na gari jipya, peke yake, si hoja.

Hapo ndipo watu wetu wanapokwama, na naelewa sababu. Nyumbani matunzo huamuliwa na hakimu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtaka aangalie mapato na mali za wazazi wote wawili pamoja na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Kenya nako mtu huapa kwa maandishi juu ya uwezo wake na kuulizwa maswali. Hakimu anaweza kumtazama mtu usoni. CMS inatazama rekodi.

Kinachotakiwa ni ombi la kuongeza mapato kwenye hesabu, jambo tofauti kabisa na rufaa. Lina misingi yake, na lazima utaje upi. Wa kwanza ni mapato yasiyo ya kazi yanayofika pauni 2,500 kwa mwaka: gawio, pango, riba. Wa pili ni kuelekeza mapato kwingine bila sababu ya maana, kwa mfano kumlipa mke mpya mshahara wa kazi asiyoifanya, kuacha faida ndani ya kampuni, au kumimina pesa nyingi ajabu kwenye pensheni. Wa tatu, uliorudishwa Desemba 2018, ni mali inayozidi pauni 31,250, ambayo huhesabiwa kana kwamba inazalisha asilimia 8 kwa mwaka. (Piga hesabu: asilimia 8 ya 31,250 ni 2,500. Hawakuokota namba barabarani.) Nyumba anayoishi mwenyewe haiguswi.

Ombi lisilo na chochote cha kushika linaweza kutupwa mwanzoni kabisa, kwa hiyo fungua daftari la kampuni la Companies House. Ni bure, na mizania za kampuni yake zimo. CMS wana kitengo cha uchunguzi wa fedha, na kuwapa taarifa za uongo ni kosa la jinai.

Akiwa amepata kazi yenye mshahara mkubwa zaidi, hiyo ni njia nyingine tena: mapato ya sasa hutumika pale tu yanapopishana na ya HMRC kwa asilimia 25 au zaidi. Nyongeza ya asilimia 15 itasubiri mapitio ya mwaka.

Rufaa ipo, lakini ina zamu yake. Uamuzi ukiwa mbaya, hata ule wa kukataa ombi lako, unaomba kwanza upitiwe upya ndani ya siku 30, na wakishikilia msimamo ndipo unakwenda kwenye baraza huru ndani ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo dada yangu, ukipiga simu usianze na "mmekosea". Sema: "Naomba gawio la kampuni yake liongezwe kwenye hesabu, ni zaidi ya pauni 2,500 kwa mwaka." Na upige wiki hii, maana kwa kawaida nyongeza huanzia ulipoomba, haianzii alipoanza kujilipa gawio.