Methadoni haina tarehe ya kumaliza

Wiki hii nimeulizwa tena. Safari hii alikuwa baba mdogo wa mgonjwa, mtu wa heshima zake, amekuja asubuhi kabla ya kwenda kazini kwenye kliniki yetu ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini. "Mwanetu ana mwaka na nusu anakunywa dawa hapa. Anamaliza lini dozi?" Nikamwambia hakuna tarehe. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba tunamzungusha. Wiki haijaisha, kijana hakuonekana kwenye dirisha la dawa. Tukaambiwa amepelekwa soba mkoani, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, akasafishwe kabisa.

Mimi ni mshauri nasaha, kazi yangu ni kuzungumza, na jambo hili nimelizungumza na akina mama, mashemeji, maimamu, wachungaji na waajiri. Sasa naliandika, kwa sababu likiendelea kueleweka vibaya linaua watu.

Swali lenyewe najua linakotoka. Sote tumefundishwa kumaliza dozi. Dawa mseto ya malaria siku 3, kifua kikuu miezi 6, antibiotiki usikatize hata ukijisikia nafuu. Ila dawa hizo zinaua vijidudu, na vikishakufa kazi imekwisha. Methadoni haiui kitu. Inakaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo, yaani sehemu zinazoipokea dawa, vilivyozoea heroini, inavituliza, na mtu anapata nafasi ya kufikiria jambo lingine mbali na kete ya heroini inayofuata. Ukiiondoa kabla ya wakati wake, vipokezi viko vilevile na kijiwe kipo palepale.

Mwaka 2017 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti zenye watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Wakiwa kwenye tiba, walifariki takriban 11 katika kila 1,000 kwa mwaka. Wakiwa nje ya tiba, 36. Na wiki 4 za mwanzo baada ya kuacha ndizo zilizokuwa mbaya zaidi kwa vifo vya kuzidisha dawa. Tafiti hizo ni za nchi tajiri kuliko yetu, zenye magari ya wagonjwa yanayofika. Sioni kwa nini kwetu hali iwe nafuu.

Vifo hivyo vinatokeaje? Mtu anayetumia kila siku mwili wake umejenga ustahimilivu. Kiasi kinachompa yeye utulivu kingemuua jirani yake. Mfungie mahali wiki kadhaa bila kitu, ustahimilivu unashuka haraka. Hamu haishuki kwa kasi hiyo. Akitoka, akakutana na rafiki wa zamani, anajidunga kiasi alichokizoea, na pumzi inasimama. Ipo naloksoni, dawa inayoing'oa heroini kwenye vipokezi na kumrudishia mtu pumzi, lakini inahitaji mtu wa kuitumia. Kijana ambaye ukoo mzima umeshamfanyia dua ya shukrani kwamba amepona hawezi kutumia mbele ya mtu. Anajifungia chooni peke yake.

Sina ugomvi na soba. Zanzibar nyumba hizo zimewasimamisha watu wengi kwa hatua 12, mpango wa kuacha kwa kusaidiana kikundi, zikiendeshwa na watu waliopita njia hiyohiyo, na wapo wasiohitaji methadoni kabisa. Ninachogomba nacho ni kumchukua mtu aliyetulia kwenye dawa, anayelala usiku, aliyeanza kurudisha uaminifu nyumbani, na kumkatisha ghafla kwa sababu jamaa wamechoka kusubiri. Arosto, yaani mateso ya mwili unapoikosa dawa uliyoizoea, ikiwa ni ya heroini huchachamaa siku ya pili au ya tatu na kuanza kulegea ndani ya wiki moja. Ya methadoni huchelewa kuanza, lakini ikianza inaweza kwenda wiki kadhaa: mifupa, kuhara, kukosa usingizi, kijasho cha baridi. Mnamtesa mara mbili, kisha mnamrudisha mtaani na mwili usiostahimili.

Lile la "mnambadilishia ulevi kwa ulevi" nitalipita haraka. Heroini inafanya kazi saa chache, kwa hiyo mtu anapanda na kushuka mara 3 au 4 kwa siku, na kila akishuka anatafuta pesa kwa njia yoyote. Methadoni ya kunywa inapanda polepole na kukaa zaidi ya saa 24. Aliyefikia dozi yake hasinzii wala haoni arosto. Umekaa naye kwenye daladala na hukumjua.

Mtasema, mbona tunawaona wamesinzia nje ya kliniki? Mnawaona kweli. Wengine ndio wanaanza, na wiki mbili za mwanzo ni za hatari, ndiyo maana tunaanza na miligramu 20 au 30 na kupanda taratibu. Dozi ya leo bado ina mabaki ya jana na juzi chini yake. Inachukua takriban siku 5 kiwango mwilini kutulia. Lakini wengi wa hao mnaowaona wamechanganya na diazepamu, vidonge vya kutuliza, au pombe. Hilo linanipa hofu kuliko heroini yenyewe, kwa sababu vyote vinasukuma upande mmoja, kwenye kituo cha pumzi. Ukimwona wako anasinzia hivyo kila siku, tuambieni. Hatutamfukuza. Tunataka kujua anameza nini kingine.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, nacho ni hesabu ya miligramu. Familia nyingi zinaisoma dozi kama kipimo cha tabia. Ikishuka, kijana anaendelea vizuri. Ikipanda, ameharibika, au sisi tunamlevya ili tusikose wagonjwa. Mama mmoja aliniambia mwanawe amefika 90 na analia. Kijana huyo alikuwa ameacha kujidunga. Alipokuwa kwenye 40 alikuwa anakunywa dawa asubuhi na kutafuta kete jioni, kwa sababu 40 haikumtosha kufika kesho. Dozi za wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120, na tofauti inatokana na ini, vinasaba, kiasi walichokuwa wanatumia, na dawa nyingine wanazomeza. Kumshusha ili mama afurahi ni kumrudisha kwenye jioni zile.

Dawa nyingine hizo zinahitaji maelezo yake, maana wagonjwa wetu wengi wana kifua kikuu, au VVU, au vyote. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, inalifanya ini livunje methadoni kwa kasi. Mtu alikuwa ametulia miezi mingi, anaanzishiwa dawa za TB, na ndani ya wiki moja au mbili anaamka usiku na kamasi, miayo na vinyweleo vimesimama. Anayempenda anasema amerudia unga. Yeye mwenyewe anaanza kuamini hivyo, na wengine wanaacha dawa za TB kwa sababu wamegundua ndizo zinazowaletea arosto. Hapo inabidi tupandishe dozi, wakati mwingine sana, na baba mdogo anahesabu miligramu na kukasirika. Kisha miezi 6 ikiisha na rifampisini ikasimama, ini linarudi kwenye mwendo wake wa zamani, na dozi ileile iliyomfaa juzi inaweza kumlaza usingizi usioamka. Tunashusha kwa uangalifu. Namba imepanda na kushuka, tabia ya kijana haijabadilika hata kidogo. Efavirenzi na nevirapini, dawa za VVU, nazo zilikuwa na mchezo huohuo. Tangu nchi ilipohamia dolutegraviri, isiyoivuruga methadoni hivyo, upande wa ARV tumepumua.

Na wajawazito. Tafadhali msimkatishe dada mjamzito methadoni "kwa ajili ya mtoto". Arosto ya mama inaweza kusababisha mimba kuharibika au uchungu kabla ya wakati. Miezi ya mwisho mwili wake mara nyingi unahitaji dozi zaidi. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za kuachishwa, nazo zinatibika hospitalini zikitarajiwa. Mwambieni mkunga. Kumficha ndiyo hatari.

Je, hakuna anayeacha? Wapo, na ndiyo maana nimeacha kutumia ule mfano ambao wenzangu wanaupenda, kwamba methadoni ni kama insulini kwa mwenye kisukari, ya maisha. Unanyamazisha watu, lakini si wa kweli kabisa. Wapo wanaoshuka hadi sifuri na kukaa. Inakwenda polepole, asilimia 10 au chini yake kila wiki moja au mbili, na ukifika chini unapunguza mwendo zaidi, kwa sababu miligramu za mwisho ndizo zinazouma. Wengi wanaoanza safari hiyo wanasimama katikati na kuomba kupandishwa tena. Tunawapandisha, na siandiki popote kwamba wameshindwa.

Nani yuko tayari kushuka? Mwongozo utakupa vigezo: muda mrefu bila heroini, makazi, kazi, mtu wa karibu asiyetumia. Navitumia. Lakini nikiwa mkweli, sijui kubashiri. Nimeona mwenye kila kigezo akirudi kijiweni kabla hata hajafika nusu ya dozi, na nimeona mwingine anayelala kibarazani kwa watu akishuka hadi mwisho na kubaki salama. Ninachokiamini ni kimoja tu: wazo litoke kwake. Likitoka kwa shangazi, au kwa mchumba aliyeweka sharti la ndoa, mara nyingi linamvunja.

Ramadhani inaleta shinikizo la aina yake. Mwezi mtukufu utamsafisha, wanasema, aache sasa. Mwenye imani anataka kufunga na ana haki ya kutaka. Saa ya kunywa dawa tunaizungumza naye mapema, na mambo ya dini ayapeleke kwa shehe wake akiwa na maelezo yetu kamili mkononi. Kuacha ghafla mwanzoni mwa mwezi ili kumridhisha mzee, hapana.

Swali hilohilo likitoka kwa mgonjwa mwenyewe lina uzito mwingine, na hapo naweka kalamu chini. "Dokta, mimi namaliza lini?" Nikimwuliza taratibu kinachomchosha, mara nyingi si dawa. Ni kuja kila siku. Wengi hunywa mbele ya mfamasia, anawaona wakimeza na kuwasikia wakizungumza kabla hawajaondoka. Tunafanya hivyo ili dawa isiuzwe mtaani na isimwue mtoto wa nyumbani aliyeikuta kwenye chupa. Lakini anayetoka Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, anahitaji nauli kwenda na kurudi, siku 7 za wiki, na fundi mkuu gani atamsubiri hadi saa nne asubuhi kila siku? Tumemwambia atafute kazi, kisha tumemfunga na foleni inayomzuia kuishika. Muhimbili ilipofungua kliniki Februari 2011, kuwa na dirisha lenyewe tu kulikuwa ushindi mkubwa. Mwananyamala na Temeke zilipofuata, zilipunguza safari za watu wengi. Bado hazitoshi. Aliyetulia muda mrefu angepewa dozi za kubeba nyumbani kwa utaratibu mzuri, nadhani nusu ya maswali ya kumaliza yangekwisha. Tuwajali hao kabla ya kuwashusha.

Kuna shaka nyingine inayonihusu kama mshauri. Mwaka 2011 uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, ulilinganisha wagonjwa waliopata methadoni au dawa za aina yake pamoja na tiba rasmi za kisaikolojia, na waliopata dawa pamoja na huduma ya kawaida. Haukuona faida ya wazi ya nyongeza hiyo, wala katika kubaki kwenye tiba, wala katika kuacha heroini. Nimeusoma zaidi ya mara moja. Huduma ya kawaida nayo ina mazungumzo ndani yake, kwa hiyo si kwamba kuzungumza ni bure. Lakini unanikataza kumwambia mtu kwamba asipohudhuria vikao vyangu tutamnyima dawa. Dawa inamweka hai. Mimi nashughulika na yale yanayobaki: mke aliyeondoka, kesi mahakamani, usiku wa kwanza akiwa na mshahara mfukoni, mambo aliyofanyiwa akiwa mtoto ambayo heroini ilikuwa inayafunika. Hayo hayaonekani vizuri kwenye takwimu za kubaki kwenye tiba, na siwezi kuthibitisha kila mara kwamba nimesaidia.

Vincent Dole na Marie Nyswander, madaktari wa Marekani walioanzisha tiba hii ya methadoni, walipochapisha matokeo yao New York mwaka 1965, walikuwa na wagonjwa ambao kusafishwa kulikwishashindikana. Shirika la Afya Duniani liliiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Wazo kwamba mtu abaki kwenye dawa muda mrefu halikubuniwa kliniki kwetu kwa uvivu.

Kwa ambao tayari mmemtoa wenu: mrudisheni, hata leo. Akikosa siku moja au mbili, kwa kawaida anaendelea na dozi yake. Zikiwa 3 au 4, tunaanza karibu na nusu. Zikizidi hapo, tunaanza upya kutoka chini, maana dozi yake ya zamani sasa inaweza kumwua. Kwa hiyo msitudanganye idadi ya siku ili apewe nyingi, na asinywe ya mwenzake akiwa njiani kuja. Kama ametumia heroini juzi, aseme. Kama kuna vidonge, njooni na pakiti yake.