Ukichoma Taka Uani, Moshi Haubaki Uani

Mvua za masika zikishakatika na majani kukauka, ofisi zetu za afya na mazingira za halmashauri hapa Dar es Salaam huanza kupokea malalamiko ya aina moja: jirani anachoma taka. Safari hii yamezidi, na ndiyo sababu ya makala haya. Tunaamini wengi hawafanyi kwa ubaya. Gari la taka halikupita, mifuko inanuka, inzi wamejaa, mtu anaona kiberiti kitamaliza kazi. Hilo tunalielewa. Tusilolielewa ni mwananchi anayeambiwa azime moto akajibu, "Mbona kwenye viwanda na malori hamwendi?" Viwanda vina utaratibu wake, chini ya Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007. Lakini bomba la kiwanda liko juu. Moto wako uko usawa wa pua ya mtoto wa jirani, hatua chache kutoka dirishani kwake.

Wengi siku hizi huchoma usiku, wakidhani moshi wa giza hauna madhara au afisa hatauona. Usiku ndio wakati mbaya zaidi. Ardhi inapoa, hewa ya chini inatulia, moshi haupandi. Unatambaa kwenye vichochoro na kulala humo mpaka jua lichomoze. Ndani yake kuna PM2.5, yaani chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, ambazo Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linataka wastani wake wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kutoka 10 za awali. Ukiongeza nailoni, chupa, nyaya na vipande vya mabomba ya plastiki, unapata pia dioksini, kemikali zenye sumu kali. Majani mabichi nayo hayaungui sawasawa, yanafuka tu, na kufuka ndiko kunakotoa moshi mwingi.

Na tafadhali, maziwa hayasafishi kifua. Tunaulizwa hili kila mkutano wa mtaa, hasa na mafundi wa kuchomelea. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umekwenda kwenye mapafu. Trei za mayai zinazofukizwa kufukuza mbu nazo zinakupa moshi wa kuvuta usiku kucha, na mbu anarudi moto ukizimika. Chandarua kipo.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Lalamiko linaanzia kwa Afisa Mtendaji wa Mtaa. Akishindwa, linakwenda kwa Afisa Afya wa Kata. Haliandikwi kwenye kundi la simu la mtaa kisha mkasubiri tuje. Likifika, afisa anakwenda eneo la tukio, anakagua, anatoa elimu na onyo. Akikuta hali inaendelea, anatoa notisi ya maandishi yenye jina la mhusika, kosa, hatua za kuchukua na muda wa kuzitekeleza. Muda ukipita bila utekelezaji, unatozwa faini kwa mujibu wa sheria ndogo za halmashauri yako, na viwango vinatofautiana kati ya halmashauri na halmashauri. Anayekubali kosa anaweza kulififilisha, yaani kulipa bila kufikishwa mahakamani. Anayekataa anapelekwa mbele ya hakimu. Malipo yote ni kwa kumbukumbu namba, ile mnayoita kontrol namba, na lazima upewe stakabadhi. Afisa anayetaka fedha mkononi, mripoti.

Mtu asidhani mwisho ni sheria ndogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwenye kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Kwa kosa la uchafuzi, kifungu cha 187 kilivyotungwa kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 3 na isiyozidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Kwa kawaida rundo la majani ya mwembe halimfikishi mtu huko, na makala haya si tafsiri rasmi ya sheria. Ila mwenye karakana anayechoma matairi kila wiki ajue yuko wapi.

Jikoni hatutoi faini, lakini huko ndiko tunakovuta moshi mwingi zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Tunajua mtungi wa gesi ukiisha katikati ya mwezi si kila nyumba ina fedha ya kuujaza. Kwa hiyo ukilazimika kutumia mkaa, usiuwashe kwa nailoni. Tumia vipande vya kuni kavu, nje, mpaka ukolee. Loweka maharage tangu usiku, funika sufuria, muda wa moto unapungua sana.

Na jiko lisiingizwe chumbani, hata mkaa ukiwa mwekundu na hauna moshi. Hapa hatubembelezi. Mkaa usio na moshi bado unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaweza asisikie chochote ila usingizi.

Taka zenyewe zitenganishwe kabla hazijachanganyika. Chupa za plastiki na makopo vina wanunuzi, wanapita mitaani kila siku. Maganda na majani yafanywe mboji: tabaka la mabichi, tabaka la makavu, maji kidogo, na kuligeuza rundo kila baada ya wiki moja au mbili. Kwa joto la Pwani, miezi miwili au mitatu inatosha. Kinachobaki ni kidogo, na hicho ndicho cha kumpa mkandarasi wa taka. Asipopita, lalamikia hilo pia, kwa njia ileile ya Mtendaji. Mkataba wake unasimamiwa, na ada unayolipa ni ya huduma.

Ukileta lalamiko la moshi, picha ya simu inasaidia. Ionyeshe moto na mahali, na uandike tarehe na saa. Uso wa jirani hatuuhitaji. Moto ukianza kusambaa kwenye uzio au paa, usitupigie sisi. Piga 114, Zimamoto.