Birika moja, wanywaji wengi: yasemwayo kuhusu kahawa ya nyumbani

"Mtoto akinywa kahawa hudumaa"

Hakuna ushahidi wa hilo. Kimo huamuliwa na urithi, lishe na afya. Hofu yenyewe ilikolezwa na biashara: mwaka 1895 Mmarekani C. W. Post alianza kuuza Postum, kinywaji cha ngano iliyokaangwa na molasi, na matangazo yake yakaipaka kahawa matope kwa miaka mingi.

Sababu ya kumnyima mtoto kahawa ipo, ila ni nyingine: usingizi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya 2015, ilichukulia miligramu 3 za kafeini, kile kichangamshi cha kahawa kinachofukuza usingizi, kwa kila kilo ya uzito kwa siku kuwa kiasi kisichotia wasiwasi kwa watoto. Kwa mtoto wa kilo 20 hiyo ni miligramu 60, na kikombe cha mililita 200 cha kahawa ya kuchujwa kina takriban 90. Soda ya kola na chokoleti alizopewa mchana zimo katika hesabu hiyo hiyo, na wazazi wanaomfichia birika hulisahau hili.

"Nyeusi na chungu ndiyo kali"

Uchungu ni kitu kimoja, kafeini ni kingine. Kafeini huhimili joto la kukaangia. Buni iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi tii hupoteza maji na kuwa nyepesi, kwa hiyo ukipima kwa kijiko unaweza hata kupata kafeini pungufu kidogo. Kinachoongeza nguvu kwelikweli ni aina ya buni, kwani robusta ina karibu maradufu ya kafeini ya arabika, pamoja na kiasi cha unga. Anzia gramu 60 kwa lita moja ya maji. Birika la mililita 600 litataka gramu 36, yaani vijiko vikubwa saba hivi vya kufuta. Mizani ya jikoni ni bora kuliko kijiko, maana unga laini na unga wa chenga haujazi kijiko sawa.

"Iache ichemke mpaka iive"

Hapa ndipo kahawa nyingi nzuri huharibikia. Kafeini na harufu hutoka mapema, katika dakika chache za mwanzo. Kinachoendelea kutoka baadaye ni ule uchungu unaokausha ulimi, na harufu yote inapaa na mvuke. Ikiwa nyepesi, ongeza unga au saga laini zaidi. Usiongeze muda motoni.

Kwa unga wa chenga, chemsha maji, epua, subiri nusu dakika hivi yashuke hadi kati ya nyuzi 90 na 96, kisha mimina juu ya unga. Koroga mara moja, funika dakika nne, chuja. Ikitoka na ukakasi wa ndimu na umajimaji, unga ni mkubwa mno au maji yalipoa. Ikitoka chungu, unga ni laini mno au imekaa sana. Kahawa ya unga laini kama poda, inayopikwa pamoja na maji, ina utaratibu wake: huepuliwa povu linapopanda tu, kabla halijafurika.

Ikishakuwa tayari, itoe yote kwenye masimbi na uihamishie chupa ya chai. Ukiiacha juu ya masimbi, anayeamka mwisho atakunywa shubiri. Na kumwongezea maji juu ya masimbi ya asubuhi ni kumtania tu. Chembe ya chumvi hupunguza uchungu, ndiyo, lakini haimrudishii mtu harufu iliyokwisha kupaa.

"Chujio ni la kuzuia masimbi tu"

La. Kahawa ina mafuta yenye kafestoli, ambayo hupandisha kolesteroli mbaya. Chujio la karatasi huyanasa kwa sehemu kubwa. Chujio la waya huyapitisha, na kahawa ya kuchemshwa huwa nayo tele. Kama babu au bibi anaambiwa na daktari achunge kolesteroli na anakunywa vikombe vinne kwa siku, badilisheni chujio kabla ya kumkataza kahawa.

"Kikombe baada ya chakula cha usiku hakina neno"

Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Miligramu 90 za saa moja usiku ni 45 saa sita usiku. Anayejisifu kwamba hunywa na kulala huenda analala kweli, ila usingizi wake ni mwepesi.

Kwa mjamzito hesabu inabadilika. Karibu na kujifungua, nusu hiyo inaweza kuchukua hadi saa 15 kuisha, na ndiyo maana anashauriwa asizidi miligramu 200 kwa siku. Jingine ni madini ya chuma. Kahawa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa, na kusubiri saa moja baada ya kula hakusaidii. Kuinywa saa moja kabla ya kula hakuna athari hiyo.

"Iliyotolewa kafeini haina hata chembe"

Hubaki miligramu chache kwa kikombe. Kwa wengi si kitu.

"Kahawa hudumu kwenye friji"

Friji ina unyevu na harufu za vitunguu, na kahawa hunyonya vyote viwili. Weka buni nzima kwenye kopo lisiloingiza hewa wala mwanga, usage ya siku hiyo tu. Friza inafaa ikiwa umeigawa katika vifuko vidogo vilivyofungwa vizuri. Ukitoa kimoja, kiache kipoteze baridi kabla ya kukifungua, la sivyo umande utatua juu ya buni.