Sampu ya Injini ya Ndege Si Bakuli la Oili Tu

Wengi wanaojiundia ndege nyumbani huamini kwamba sampu ni bakuli la oili tu, na kwamba yoyote inayolingana na matundu ya boliti itafaa. Kwenye injini ya Lycoming O-360 sivyo: kabureta hufungwa chini ya sampu, na mchanganyiko wa hewa na petroli hupita katika njia zilizomo ndani yake, ukipashwa moto na oili, kabla ya kufika kwenye silinda nne. Ukibadili sampu, basi, huenda kabureta ikahama, na boneti uliyoihangaikia wiki nzima ikakataa kufunga. Kwenye sampu iliyokwisha kutumika, kagua hasa pale yanapoingia mabomba yanayopeleka mchanganyiko huo kwenye silinda. Doa la buluu, rangi ya petroli ya ndege iitwayo 100LL, huashiria kiungo kilicholegea, ambacho huingiza hewa ya ziada na kuipunguzia silinda yake petroli.