Dawa ya Kichina juu ya vidonge vya hospitali: maswali ya kliniki ya presha na sukari

Dawa za Kichina ni zipi hasa?

Ni tiba ya jadi ya China: mitishamba inayochanganywa na kuchemshwa, vidonge na unga unaotokana nayo, sindano nyembamba za akyupancha, kuumika, kukanda. Lakini mgonjwa wa hapa Dar es Salaam akisema "natumia ya Kichina", mara nyingi anazungumzia kopo alilonunua Kariakoo, mtandaoni au kwa jirani anayeuza virutubisho. Nitayajibu yote kwa pamoja, kwani kosa linalofanyika ni lilelile.

Naweza kutumia zote mbili?

Baadhi, ndiyo, ikiwa anayekutibu anajua. China kwenyewe hospitali nyingi kubwa zina idara ya tiba ya jadi jengo moja na idara nyingine, na dawa za pande zote mbili zinaandikwa kwenye faili moja. Kwetu ya hospitali iko kwenye daftari la kliniki na ya Kichina iko chini ya kitanda. Hiyo si kuchanganya tiba, ni kuficha.

Nikianza ya Kichina, si niache kwanza vidonge vya presha au sukari ili zisigongane?

Hapana. Usiache.

Hili ndilo tunaloliona kila mara. Mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, akapotea kliniki, kisha analetwa na ndugu akiwa amelegea, mdomo umekauka. Tunamtoboa kidole, mashine haitoi namba, inaandika HI, maana yake sukari imepita uwezo wa kipimo, juu ya milimoli 33 kwa lita. Kwenye mfuko wa nailoni ndugu wamebeba kopo lenye maandishi ya Kichina matupu, na muuzaji ameandika kwa kalamu ya wino "3x3". Tatu za nini, hakuna anayejua.

Anayetegemea insulini ndiyo kabisa. Akiikatisha, siku chache zinatosha kumfikisha kwenye kutapika, kuhema kwa kasi na kupoteza fahamu. Hakuna mtishamba wa nchi yoyote unaoshika nafasi ya insulini.

Lakini muuzaji ameniambia niache, na kweli nimepata nafuu.

Usiache. Presha haiumi. Unaweza kujisikia mzima asubuhi na jioni ukapooza upande mmoja. Nafuu ya presha na sukari inasomwa kwenye mashine, haisikilizwi mwilini.

Halafu jiulize nafuu imetoka wapi. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekamata mara nyingi bidhaa za "mitishamba mitupu" zilizotiwa dawa za hospitali kwa siri: steroidi na diklofenaki kwenye za maumivu ya viungo, sildenafili kwenye za nguvu za kiume, glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kwenye za sukari. Mwaka 2008 huko Singapore watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na 4 wakafariki. Uchunguzi ulielekea kwenye bidhaa haramu za nguvu za kiume zilizochanganywa na glibenklamidi. Sasa fikiria mtu anayemeza glibenklamidi ya kliniki, kisha anaongezea kopo lenye glibenklamidi ambayo hajui kama imo.

Si ni mimea tu? Madhara yatoke wapi?

Yatoke kwenye mimea hiyohiyo. Mzizi mtamu wa gancao, uliomo kwenye michanganyiko mingi sana ya Kichina, ukitumika kwa muda mrefu unafanya mwili ubakize chumvi, unapandisha presha na kushusha potasiamu. Ukiwa unameza pia kidonge cha kukojoza, potasiamu inashuka zaidi na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mmea wa mahuang unapandisha presha. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Mtishamba wa danshen ukiuchanganya na warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, unaweza kuvuja damu.

Na figo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya kupunguza uzito walianza kufeli figo. Waliodhurika walizidi 100. Mtishamba mmoja wa Kichina ulikuwa umebadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia, wenye sumu. Baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Mgonjwa wa kisukari tayari figo zake ziko hatarini; sioni sababu ya kuzijaribia bahati.

Mbona mseto wa malaria umetoka kwenye mmea wa Kichina?

Umetoka huko, na ni jambo la kujivunia. Tu Youyou na wenzake walianzia kwenye maandiko ya kale ya China kuhusu mmea wa qinghao, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Ila kiini cha dawa kilichujwa, kikapimwa, dozi ikajulikana, kikaunganishwa na dawa nyingine ndipo ukawa mseto. Majani ya mmea huo yaliyochemshwa kwenye sufuria hayana dozi inayojulikana, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kutibu malaria.

Nikimwambia daktari atanigombeza.

Pengine. Wapo wenzetu wanaofoka, na wanafanya vibaya, kwa sababu mgonjwa aliyefokewa harudi na kopo, anarudi na kiharusi. Mwambie hata hivyo, au mwambie mfamasia. Lete kopo lenyewe, usilete jina la kukariri. Angalia kama lina namba ya usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, au wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kama unasubiri upasuaji, sema mapema, si ukiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji.

Nimeshaacha vidonge wiki kadhaa na najisikia vizuri. Nisubiri tarehe yangu ya kliniki?

Usisubiri. Nenda leo, na kopo lako, ukapime presha na sukari. Usimeze dozi mbili kufidia za nyuma. Ikiwa unatapika, unahema kwa kasi, umechanganyikiwa, mdomo umepinda, mkono umelegea au mkojo umepungua sana, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku. Ukitokwa jasho jingi na kutetemeka, huenda sukari imeshuka; kunywa maji ya sukari au soda ya kawaida kisha uende. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, apelekwe tu.