Mkondo wa mwale: kuhesabu protoni bila kuzigusa

Ampea 0.58 si kitu cha kumshtua fundi umeme. Pasi ya nguo inakula zaidi. Huo ndio mkondo uliosanifiwa kwa kila mwale wa LHC, mtambo wa CERN (shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia) wa kuongeza kasi ya chembe, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Tofauti ni kwamba humo hamna waya. Ni protoni tupu, zinazunguka ndani ya bomba lisilo na hewa.

Mkondo ni chaji inayopita mahali pamoja kwa sekunde. Kwa usanifu huo, mwale una mafungu 2,808, kila fungu protoni bilioni 115 hivi, na kila moja hupita mbele ya kipimo mara 11,245 kwa sekunde. Kwa hiyo protoni zilezile huhesabiwa upya kila mzunguko, kama mtu anayezunguka nyumba mbio hadi aliye dirishani adhani ni maandamano. Gawa mkondo kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde, kisha kwa chaji ya protoni moja, utapata idadi yao.

Kikombe cha Faraday, chombo cha metali cha kudaka chembe, hupima kwa kuukinga mwale, na ukishaukinga umeupoteza. Katika LHC pete ya metali yenye kushika usumaku huvalishwa bomba. Protoni zikipita, huzua uga sumaku ndani ya pete. Ukuta wa bomba nao huwa na mkondo wake unaokwenda kinyume na kuufuta uga huo, ndiyo maana hapo bomba hukatwa na kuungwa kwa kauri.

Pete hiyo ni transfoma, na transfoma ya kawaida huhisi mabadiliko tu, mkondo tulivu haiuoni. Klaus Unser wa CERN alilitatua hilo mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa akili ya mizani ya sokoni: umeme hupitishwa kwenye waya uliozungushwa kwenye pete, kinyume na mwale, hadi uga ufutike. Unasoma jiwe la mizani, yaani umeme ulioutia wewe.

Vipimo huhifadhiwa pamoja na saa yake na kuchorwa skrinini, mwale mmoja bluu, mwingine mwekundu. Mistari hupanda ngazi kwa ngazi protoni zinapoingizwa, kisha huteremka polepole kwa saa nyingi zinapogongana; mteremko ndio unaoonyesha mwale utadumu muda gani. Ikidondoka wima hadi sifuri, usidhani kipimo kimekufa: miale imetupwa kwenye magogo ya grafaiti.