Fungu moja ya nyanya, kitu kimoja kwenye akili

Ukipita soko ya Kadutu asubuhi utakuta bamama wamekwisha kupanga nyanya kwa mafungu, tatu chini moja juu, fungu kando ya fungu mpaka meza inajaa. Siku moja nilikuwa nanunua nikauliza mama mmoja, "Mama, unajuaka namna gani mafungu ngapi imeshatoka?" maana sikumuona akihesabu hata mara moja. Akanijibu, "Papa, nihesabu nini? Naangalia meza, naona yenye inakosa." Ile jibu ilinifurahisha sana, juu mimi nafundisha saikolojia hapa Bukavu na kitu mama alisema pale kwa maneno machache, sisi tunaifundishaga wiki mzima.

Ukiangalia kitu kisha ukageuza kichwa, ubongo unabakia na ile picha kwa sekunde chache ili uitumie. Tunaitaga kumbukumbu ya kazi ya macho. Si ile ya kukumbuka harusi ya dada yako mwaka jana, hapana, ni ile ya kuvuka barabara: unaangalia kushoto unaona taksi-moto inakuja, unageukia kulia, na ile ya kushoto bado iko kwenye akili hata kama huioni tena.

Ni ndogo sana. Mwaka 1997 Marekani, watafiti Steven Luck na Edward Vogel walionyesha watu viboksi vya rangi kwenye skrini kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, skrini ikabaki tupu karibu sekunde moja, kisha viboksi vikarudi na mtu akaulizwa kama kuna rangi imebadilika. Viboksi viwili, vitatu, karibu kila mtu alijibu sawa. Kuanzia vinne makosa yakaanza kuingia na kadiri walivyoongeza mpaka 12 ndivyo watu walivyozidi kupotea. Kwa hiyo mtu mzima, mwenye akili timamu, anashika kama vitu 3 ao 4 kwa mara moja, na wale walikuwa watu wa univasiti.

Sasa kama ni vinne tu, yule mama wa Kadutu anawezaje na nyanya zaidi ya mia moja? Jibu iko kwenye neno "kitu". Kwake nyanya si kitu, fungu njo kitu.

Mwanasaikolojia Max Wertheimer aliandika hii habari kwa Kijerumani mwaka 1923, akionyesha na madoa tu kwenye karatasi: vitu vikiwa karibu karibu, ao vikifanana rangi, ao vikitembea pamoja, macho inaviona kama kimoja bila wewe kuamua. Na mwaka 1955 mwanasaikolojia Gaetano Kanizsa wa Italia alichora duara tatu nyeusi, kila moja imekatwa kipande kama keki, akazigeuza ili zile sehemu zimekatwa ziangaliane, na kila mwenye anaangalia anaona pembetatu nyeupe katikati yenye hakuna mtu aliichora. Mimi mpaka leo nikiiangalia naiona, hata kama najua haiko.

Kwenye ubongo nako inaonekana. Mwaka 2004 kazi mbili za utafiti zilitoka pamoja, moja na mashine ya IRM yenye inafuata damu ndani ya ubongo, ingine na elektrodi za kichwani zenye zinapima umeme wa ubongo. Zote zilikuta kwamba pande ya juu kuelekea nyuma ya kichwa, kwenye parietali, kazi ya ubongo inapanda unapoongeza vitu vya kushika, kisha ikifika kama 3 ao 4 inasimama, haipande tena. Halafu mwaka 2007 watafiti Yaoda Xu na Marvin Chun waliona jambo lenye mimi linanigusa zaidi: maumbo yakipangwa kama kundi moja, sehemu ya chini ya mfereji wa parietali (mkunjo wenye unapita ndani ya ile parietali) inafanya kazi kidogo kuliko yakitawanyika, hata kama mtu hajaambiwa aangalie kundi. Na juu ile sehemu imepunguziwa mzigo, habari nyingi zaidi ya yale maumbo inapita kufika sehemu ya juu ya ule mfereji, kwenye inahifadhiwa. Kazi kidogo, na bado mtu anashika mingi.

Kuna wagonjwa wenye waliumia parietali pande zote mbili, daktari Rezső Bálint wa Budapest alieleza mmoja mwaka 1909, wanaona kitu kimoja tu kwa wakati. Uwaonyeshe duara mbili wanaona moja. Lakini uziunganishe na mstari, zile mbili zinakuwa kitu kimoja na wanaweza kuziona pamoja vizuri zaidi.

Njo maana naomba bazazi na walimu tuangalie tablo ya darasa kwanza mbele ya kuangalia mutoto. Mutoto wa primeri ya kwanza anakopia: anainua macho, anashika, anainama, anaandika, anainua tena. Neno "kitabu" kwako ni kitu kimoja, juu miaka mingi ya kusoma imekuunganishia zile herufi, kwake ni vitu sita na uwezo wake ni mdogo kuliko wako. Akiinua macho anakuta maandiko imejaa tablo mzima bila nafasi, anapotea mstari, anaruka neno, anaitwa kichwa ngumu. Mimi mwenyewe waliniita hivyo, na najua inavyouma. Mwalimu, acha nafasi kati ya maneno, gawa tablo na mstari wa chaki, majibu ikae karibu na swali lake, andika kwa rangi ingine kile unataka kionekane peke yake.

Lakini kupanga pamoja si nzuri kila mahali, kwa dawa mimi nakataa kabisa. Vidonge vyeupe vya asubuhi na vyeupe vya jioni ndani ya sashe moja, macho ya mzee inaviona ni kitu kimoja. Tenga, sashe mbili, moja uifunge na uzi mwekundu.

Na kama unataka kuona kwa macho yako, chukua maharagi nane, uyamwage ovyo kwenye sahani, umuonyeshe mutoto kwa muda wa kufumba na kufumbua kisha ufunike na uulize ni ngapi. Halafu uyapange nne huku nne kule, ufanye tena vile vile. Jaribu na watu wakubwa wa nyumba pia.